Ukurasa Mzima wa Mikia

Baba yangu alikuwa karani wa masijala, na maringo yake yote yalikuwa kwenye kalamu. Aliandika kwa herufi za kushikana, zimepeana mikono toka mwanzo wa mstari hadi mwisho, na mikia inayoteremka mpaka mstari wa pili. Herufi za chapa, zile za moja moja, alizidharau. "Zinasimama kama watu waliogombana," alisema. Aliziandika kwenye majalada tu, tena kwa amri ya bosi wake, aliyechoka kutafuta mafaili yasiyosomeka.

Lakini Mungu hakupi vyote. Ulimi wa Baba ulikuwa mzito, nami binti yake nasema bila kuficha. Mama alikuwa na mashine ya fotokopi ng'ambo ya barabara, na kwa miaka miwili Baba alimpelekea karatasi za kutoa nakala, nyingine hazina hata kazi. Akifika pale anasema "nakala mbili," basi. Siku aliposikia kwamba Mama anahamia mji mwingine mwisho wa wiki, akachukua kalamu. Akakaa chini akamwaga moyo wote, ukurasa mzima mpaka ukingoni, mikia juu ya mikia. Akauacha juu ya mashine, akatoka mbio.

Kesho yake kimya. Keshokutwa kimya. Baba akajua amekataliwa. Ijumaa, Mama huyo anaingia masijala, barua mkononi.

"Kaka, hii ni nini?"

"Isome tu, dada."

"Nimeisoma mpaka macho yameuma. Nikampelekea yule muuza dawa, si amezoea miandiko ya madaktari? Kaniambia kama ni dawa, basi ni ya kupaka."

Foleni nzima ikacheka. Baba akaichukua, akavaa miwani, akakohoa. "Mpendwa," akasoma. Mstari wa pili ukamshinda. Aliuandika kwa haraka, na sasa mwenyewe hajui neno linaanzia wapi wala linaishia wapi. Akausogeza dirishani kwenye mwanga. Wapi!

"Kesho naondoka," Mama akasema. "Kama ni jambo la maana, litamke."

Baba akaangalia foleni, akaangalia wino wake, akakosa pa kujificha. Lisilo budi hutendwa.

"Usiende," akasema. "Nataka nikuoe."

"Ukurasa mzima kwa hayo tu?"

Mama akavuta kalamu ya kaunta, ile iliyofungwa kwa uzi, akaigeuza barua na kuandika mgongoni, herufi moja moja, kubwa, zimeinama huku na huku: NDIYO.

Baba husema huo ndio mwandiko mbaya kuliko yote aliyowahi kuona. Ameutia kwenye fremu, uko sebuleni. Wa kwake umegeukia ukuta.