Moyo Huulizwa Kabla ya Maji

Naikumbuka siku moja, mwanangu, ambayo mkono wangu huu wa kulia, mkono wa kushikia kikombe cha chai, ulikaribia kumuua ndugu yangu kwa huruma. Wala sikuwa mtoto. Nilikuwa na mvi hizi hizi, maana ujinga haungoji ruhusa ya umri.

Unanijua mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu hutoka kitini hadi mlango wa jikoni. Lakini mdogo wangu Okoth aliugua tumbo, ugonjwa ukaenea kwenye damu, akakimbizwa kutoka hapa Karungu hadi hospitali moja kubwa huko Homa Bay. Nikamfuata. Tulipopita Rodi Kopany tayari nilikuwa nimelikumbuka godoro langu, nikajikaripia kimoyomoyo.

Alilazwa ICU. Presha yake ilikuwa imeanguka, wakampa maji ya dripu, ikapanda. Nilifurahi hadi nikamsalimia mlinzi mara mbili. Asubuhi yake nikaingia tena, nimevishwa lile gauni la kijani linalofungwa mgongoni, nikaona namba ya presha imeshuka upya. Na mfuko wa maji uko pale juu unaning'inia, umefungwa, haudondoshi hata tone.

Sasa, mimi nilimaliza kidato cha nne, na baiolojia ilinipenda kidogo. Nikajiambia, jana maji yalimwinua, leo wamemnyima. Muuguzi alipogeukia kitanda cha pili, nikakishika kile kigurudumu kidogo cha kwenye mpira wa dripu, nikakifungua chote. Maji yakakimbia. Nikajisikia daktari.

Udaktari wangu haukudumu. Muuguzi alirudi mbio, akakifunga, akamwita daktari mwenyewe, binti mmoja anayeitwa Akinyi, rika la kitinda mimba wangu. Nilingoja matusi, hayakuja, basi nikaanza mimi. Nikamuuliza kwa nini wanamnyima mtu maji na ziwa zima liko pale dirishani.

"Baba," akasema, "ya jana moyo wake uliyapokea. Ya leo sijui. Tukiyamimina na moyo hauyawezi, yataingia kwenye mapafu, na ndugu yako atazama hapa hapa kitandani."

Sisi watu wa ziwa, kuzama si neno la kuchezea. Mashua ikiingia maji, hata mtoto anajua kuyachota nje. Mimi nilikuwa nayaongeza.

Akaniambia nisimame kando, mikono nyuma, nione. Okoth alikuwa amelazwa nusu kuketi, macho amefumba. Daktari akabonyeza kitanda, kichwa kikashuka, miguu ikapanda. Akawa ananieleza huku macho yake yako kwenye skrini: damu iliyotulia miguuni inateremka kifuani, ni kama kuuonjesha moyo maji yake mwenyewe. Ukiyapenda, utasukuma zaidi, na dripu itafunguliwa. Usipoyapenda, tunashusha miguu, damu inarudi ilikotoka, na hakuna kilichoharibika.

Alikuwa ameshikilia kifuani mwa Okoth kifaa kama kile cha kumtazama mtoto tumboni, nami nikauona moyo wa mdogo wangu ukijifunga na kufunguka kama shavu la samaki aliyetolewa majini sasa hivi. Mwanangu, nimetazama fainali nyingi kwenye vibanda vya mpira, lakini sijawahi kushika roho hivyo. Nilijikuta nauambia moyo ule kwa Dholuo, madhi, wuod minwa. Kunywa, mtoto wa mama yangu.

Haukunywa. Ulisukuma vile vile.

"Umekataa," akasema, akashusha miguu.

Machozi yalinijia, nikidhani ndio mwisho. Kumbe yeye alikuwa amechangamka, kwa sababu sasa alijua njia ya kufuata. Akaagiza dawa ya kukaza mishipa, ikaingia kidogo kidogo kwa mashine, na ile namba ikaanza kupanda, polepole kama mzee akipanda ngazi. Nilitaka kumkumbatia mtu. Muuguzi akaitazama mikono yangu, nikairudisha nyuma.

Jioni wakainua miguu tena. Nikauliza, si moyo umeshajibu? Daktari akacheka. "Moyo wa asubuhi si moyo wa jioni, baba." Na jioni hiyo ulikubali, akapewa maji kidogo, yakamfaa. Leo Okoth yuko hapa, ananigombeza kuhusu nyavu kana kwamba hajawahi kuumwa.

Basi sikia. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumimina kabla ya kuuliza. Kilichomfaa mtu jana usimlazimishe nacho leo. Na ukitaka kusaidia, anza na kitu unachoweza kukirudisha kikikataliwa, na ukikataliwa usinune. Umeshaonyeshwa pa kupita. Mungu akupe mikono mizito na masikio mepesi, na siku utakayolazwa wewe, akupe watu watakaouliza moyo wako kwanza.

Hapo ndipo hupenda kuimalizia hadithi hii, nikitikisa kichwa kama mwenye hekima. Ila siku niliyorudi kutoka Homa Bay nilimsimulia kwanza jirani yangu Mama Achieng', anayeanika omena, wale dagaa wa ziwani, ng'ambo ya ua wetu. Alisikiliza yote bila kuacha kugeuza omena zake, kisha akaniambia:

"Baba Apiyo, ndugu yako aliinuliwa miguu. Wewe ungefungwa mikono."