Mashine ya Kobe Niliyoitumia Kivyangu

Wasomaji, chekeni, mimi mwenyewe nimeshacheka mpaka mbavu zikauma. Mjukuu wangu Nanjala anafuganga kobe kwa kibali. Alinituma soko la Lubao ninunue mashine ya kuangulia mayai yao, maana Kakamega yote hakuna aliyeangua vifaranga kunishinda. Muuzaji akanisukumia ile inayogeuza mayai yenyewe.

"Kijana, hiyo ni ya kuku! Yai la kobe ukiligeuza umeliua."

Nikachukua isiyogeuza, yenye kioo juu.

Nanjala akaniambia, "Kukhu, iwashe ikae tupu wiki nzima, joto litulie. Afisa wa wanyamapori akiikataa, hatupewi ruhusa ya kuangua mayai."

Jamani, stima ipashe hewa moto bure? Siku ya afisa nilisonga obusuma mapema, na kwangu mgeni hali ugali baridi. Nikauweka kwa sahani, nikauingiza ndani ya mashine, nikafunga.

Afisa akafika, akainamia mashine. Kioo kilikuwa kinatoka jasho.

"Mama, unyevu kama huu sijaona! Umefanya aje?"

"Ni mkono tu, mwanangu," nikajibu, kifua mbele. Nanjala akanikonyeza kwa furaha.

"Hebu tuone ndani," akasema, akainua kifuniko.

Mvuke ukamrukia kwa miwani. Akaipangusa polepole, akaangalia obusuma, akamwangalia Nanjala, kisha akanigeukia.

"Mama," akauliza, "na huyu ataanguliwa lini?"