Maziwa Juu ya Maikrofoni

Ipo siku moja ya Keringet ambayo hainitoki, mwanangu. Kila ninapolipokea darasa jipya la wanafunzi wa filamu hapa Nakuru, ndiyo hunijia kwanza, kabla sijaandika hata jina langu ubaoni. Nakuita mwanangu ingawa ndevu zangu hazijaota mvi. Nivumilie. Mwalimu huzeeka mapema kuliko jirani zake, kwa sababu kila mwaka wanafunzi wake huja na umri uleule, na yeye peke yake ndiye anayeongeza.

Wakati huo nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu. Sikuwa na kampuni wala mdhamini. Nilikuwa na kamera ya mtumba, rafiki aliyeitwa Wanjohi ambaye alikuwa fundi wa sauti, na imani kwamba filamu inaweza kuwatendea watu haki waliyonyimwa na wanaowatazama kwa haraka. Imani hiyo bado ninayo. Usiniulize kama nimepona.

Filamu yetu ya kwanza ilimhusu msichana aitwaye Chebet. Alikuwa akiendesha lori la viazi kutoka mashamba ya Keringet hadi sokoni Nakuru, na wanaume waliomcheka mwanzoni walikuwa wamefika mahali pa kumwomba awarudishie malori yao kinyumenyume penye tope. Sasa alikuwa ameajiriwa kuendesha trela kutoka Mombasa hadi Kongo. Kwao hakuna mwanamke aliyewahi kwenda mbali hivyo, sembuse kwa usukani wake mwenyewe. Mama yake alikuwa ametangulia mbele ya haki, na aliyemlea ni bibi yake, ambaye sote tulimwita Kogo, kama wajukuu wa huko wanavyowaita bibi zao. Kogo alikuwa mkongwe sana. Kila mtu bomani alijua, ingawa hakuna aliyelitamka, kwamba huenda msichana angerudi asimkute.

Katika boma lile, anayekwenda safari ya mbali havuki lango kabla ya kubarikiwa na aliye mkubwa kuliko wote. Mzee huyo huchukua kibuyu cha mursik, yale maziwa yaliyolala na majivu ya mkaa hadi yakaiva, hujaza funda mdomoni, humpulizia msafiri kifuani, kisha husema maneno yake. Nilikuwa nimeamua kwamba filamu yetu ingemalizikia hapo. Yote tuliyokuwa tumepiga, viazi, tope, soko, dhihaka za madereva, yalikuwa yakielekea kwenye maneno hayo ya Kogo kama vijito vinavyoelekea ziwani.

Asubuhi ya kuondoka ilikuwa njema. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka mashambani, na mwanga ulipita ndani yake kwa namna ambayo mpiga picha huota. Wanjohi alimwendea Kogo na maikrofoni yetu ndogo, ile inayobanwa kwenye nguo. Kogo akaitazama, akamtazama na Wanjohi.

“Mimi si mbuzi wa kuvalishwa kengele,” akasema.

Watu wakacheka. Tukaibana maikrofoni kifuani pa Chebet, chini kidogo ya kola, ili iyapokee maneno ya bibi yake kwa ukaribu.

Umekwisha kuliona kosa, mwanangu? Mimi sikuliona. Lugha ya Kogo ndiyo niliyolelewa nayo, na desturi ile nilikuwa nimeiona tangu utotoni. Maikrofoni nayo nilikuwa nimefundishwa kuilinda na maji kama jicho. Mambo hayo mawili yote nilikuwa nayo kichwani, ila kila moja lilikaa chumba chake na mlango ulikuwa umefungwa. Elimu ina mzaha wake.

Kogo akapiga funda la mursik, akampulizia mjukuu wake kifuani, fyuu, mara moja, na maziwa yakaingia ndani ya maikrofoni yetu. Wanjohi, aliyekuwa akisikiliza kwa hedifoni, aliruka kama aliyechomwa na nyuki. Akanipungia mkono, akajikata sikio kwa kidole, ishara ambayo hata mtoto angeielewa. Nami nikampungia akae kimya. Uso wa Kogo ulikuwa katikati ya mwanga ule, matone ya maziwa yaking'aa kidevuni pake, na jicho langu lilikuwa limezama katika kioo cha kamera. Kogo akasema maneno yake. Hayakuwa marefu. Wenyeji wakaitikia, na jambo likawa limekwisha.

“Boss, sauti imekufa,” Wanjohi akasema.

“Imekufa aje?”

“Imekunywa mursik. Hakuna kitu. Na ya kamera ni lori tu.”

Ilikuwa kweli. Mjomba wa Chebet alikuwa ameliwasha lori la kumpeleka mjini lipate moto, na ngurumo yake ndiyo kamera iliyoshika, mwanzo hadi mwisho.

Niliona filamu yangu yote ikienda na ukungu. Nikamwendea Kogo kwa heshima zote, nikainama.

“Kogo, samahani. Naomba urudie kidogo. Yale maneno tu. Maziwa si lazima.”

“Nirudie kwa nani? Chebet ameshayapata.”

“Kwa ajili ya mashine, Kogo. Haikusikia.”

“Kwani mashine nayo inaenda Kongo?”

Boma zima likaangua kicheko, na Chebet ndiye aliyecheka zaidi, akiwa na kifua kibichi. Kogo hakucheka. Alinishika mkono, akanivuta kando kidogo, na akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli: “Nikisema tena, ile ya kwanza itakuwa nini? Tutakuwa tumeiambia haikufika. Unataka huyu mtoto aende kwenye barabara ile na baraka ya kuigiza?”

Akanitazama kwa makini zaidi.

“Haya, na wewe? Ulikuwa umesimama hapo, karibu kuliko wote. Wewe ulisikia nini?”

Mwanangu, nilitafuta kichwani. Nilikumbuka matone. Nilikumbuka mwanga. Neno hata moja sikulikumbuka. Nilikuwa nimeiachia mashine kazi ya masikio yangu, na mashine ilikuwa imezama katika maziwa.

“Kumbe hata wewe hukuwepo,” Kogo akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyegundua kwamba mgeni wake hajala, akaenda akaniletea kikombe.

Lori likaondoka na Chebet, kijana mmoja akiliendesha na mjomba akibaki bomani. Maji yakimwagika hayazoleki, maziwa je?

Tulipokuwa tukifunga vyombo vyetu, Wanjohi akanong'ona kwamba anamfahamu mama mmoja wa Molo mwenye sauti ya kikongwe. Tungemwandikia maneno mazuri, ayasome, tuyapachike juu ya picha. Watazamaji hawasomi midomo, nani angejua? Nakiri kwamba nililipima shauri hilo, kwa sababu njaa ya filamu ya kwanza ni njaa kali. Lakini nilijiuliza: siku Chebet atakapoketi kuitazama filamu hiyo, atamsikia nani? Atasikia kinywa cha bibi yake kikitoa maneno ya kukodiwa, na huenda wakati huo kinywa chenyewe kitakuwa kimenyamaza milele. Njia ya mwongo ni fupi, na yule msichana alikuwa akianza njia ndefu.

Basi nikabaki na swali la Kogo. Nikaanza kulizungusha pale bomani, kwanza kwa sababu sikuwa na la kufanya, kisha kwa sababu lilianza kunisisimua kwa namna ambayo hakuna picha iliyowahi kunisisimua. Nikamuuliza mjomba: Kogo alisema nini? Akajibu bila kusita, “Alisema barabara iwe laini kama samli.” Nikamuuliza jirani, mama aliyekuwa amembeba mtoto. Akanishangaa. “Samli? Hakutaja samli. Alisema gari liwe na macho mengi kuliko mwenye gari.” Wakaanza kubishana pale pale, mbele ya kamera ambayo safari hii nilikuwa nimekumbuka kuiuliza kama inasikia. Nikamgeukia Wanjohi, asiyejua lugha ile hata salamu, na aliyekuwa amebaki na masikio matupu baada ya hedifoni kufa.

“Mimi sikuelewa kitu,” akasema. “Lakini katikati alinyamaza kidogo. Akameza. Nadhani alikuwa karibu kulia, akakataa.”

Nilirudi kwenye picha. Ni kweli. Pale katikati, Kogo ananyamaza, koo linapanda na kushuka. Nilikuwa nimelitazama koo hilo kwa jicho langu na sikuliona.

Aliyebaki ni Chebet mwenyewe. Tulimngoja hadi safari yake ya kwanza ilipompitisha tena Bonde la Ufa, akitoka Mombasa na mzigo wa kuvuka mpaka. Tulikutana Kikopey, pale malori yanapoegeshwa kando ya barabara kuu na moshi wa nyama choma unaposimama hewani kama shuka. Kijana wa bucha alikuwa akimwita kila apitaye: “Karibu boss, mbuzi imeiva!” Alipomwona Chebet akishuka kutoka kwenye trela, aligutuka, kisha akajirekebisha upesi: “Karibu... madam boss!”

“Nipimie mbavu,” Chebet akamwambia, “na usinipe mfupa mtupu ukidhani nimezoea viazi.”

Tulikula. Nikamuuliza. Alinawa mikono polepole sana kabla ya kunijibu.

“Yote siwezi kukuambia, Mwalimu. Mengine ni yangu.” Tayari alikuwa akiniita Mwalimu, kwa kunitania, kwa sababu ya maswali yangu. “Lakini moja nitakupa. Aliniambia nikilala njiani, nilale kichwa kikielekea nyumbani.”

“Na unafanya hivyo?”

“Kila mahali. Nauliza kwanza. Madereva wananiona mwendawazimu. Nikifika mahali nauliza, jamani, Keringet iko upande gani? Mtu wa Voi ataijulia wapi Keringet!” Akacheka, kisha akanyoosha mkono uliobaki na harufu ya mbuzi kuelekea magharibi, kupita mlima wa karibu, kupita Nakuru yenyewe, hadi kwenye mstari wa buluu wa Mau. “Hapa siulizi. Hapa naona.”

Akapanda kwenye trela kutuonyesha kitanda chake chembamba nyuma ya kiti. Mto ulikuwa bado upande wa alikolala jana. Akauhamisha, akaupigapiga, akaugeuza upande wa Mau. Hilo ndilo tulilolipiga, na ndilo linalomaliza filamu yetu: mkono ukigeuza mto. Kabla yake unamwona Kogo akibariki, na husikii neno, unasikia lori tu. Kisha zinakuja sauti za mjomba, za jirani na za Wanjohi, kila mmoja akiwa na baraka yake, na hazifanani.

Kogo aliiona. Tulitundika shuka ukutani pake, akatazama hadi mwisho. Alipouona ule mto, aliita jina la mjukuu wake mara moja, kama mtu anayeitika hodi mlangoni. Halafu akaniuliza, “Sasa ulisikia?” Nikamwambia, “Nimeanza, Kogo.” Chebet alikuwa safarini wakati bibi yake alipotuaga. Aliporudi, hakuniomba picha za mazishi. Aliomba ile dakika ya lori likinguruma.

Ni filamu hiyo iliyonifikisha ubaoni, kwa maana chuo kimoja kidogo cha hapa mjini kiliiona kikaniita nije nieleze jinsi nilivyoitengeneza, na bado naeleza. Tangu hapo nagawa juma langu mara mbili, siku za kufundisha na siku za kubeba kamera, na sijui ni zipi zinazonilisha zaidi. Kila mwaka naonyesha filamu ile, na kila mwaka kuna mkono unaoinuka nyuma: “Mwalimu, kwani Kogo alisema nini hasa?” Namjibu kwamba sijui, na kwamba sasa yeye pia ameanza kazi.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, wewe unayetoka na kamera begani kwenda kwa watu wasiokujua. Linda vyombo vyako, na funika maikrofoni palipo na maziwa. Huo ni ufundi, nao hufundishika. Lakini usikitume chombo mahali ambapo wewe mwenyewe hukwenda. Mtu anaposema neno lake mara moja, uwe hapo mara hiyo, kwa masikio yako ya nyama. Fundi wako akikupungia mkono, mtazame. Ukikosa, usiazime sauti ya mwingine kuziba pengo, uliza. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, nami naongeza kwamba pengo lililoulizwa vizuri hubeba watu wengi kuliko jibu la uongo. Na usimwombe mtu airudie saa ya maisha yake kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri.

Sasa simama nikubariki. Isome baraka hii polepole, kisha uondoke, maana sitairudia.

Jicho lako lisile chakula cha sikio lako. Milango ya watu ikufungukie, nawe ujue ipi si ya kuingia. Maswali yako yasizeeke kabla yako. Na popote utakapolala katika kazi hii, ulale kichwa kikielekea kwenu.