Mapengo Niliyoyaziba kwa Wiebren

Tulimzika mdogo wangu Wiebren mwezi wa Februari. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Mshipa wa kichwani ulipasuka akiwa jikoni anachemsha kahawa. Hapa kijijini kwetu, Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, ukimtaja watu wanasema, "Ah, yule wa dhumna, aliyejiangushia kete makusudi," kisha wanakumbuka mimi ni dada yake na kuuliza habari za Mama.

Hakujiangushia makusudi. Nataka hilo lijulikane.

Alianza kusimamisha kete za dhumna kwa safu, ukisukuma moja zote zianguke kwa kufuatana, akiwa na miaka kumi, kwenye sakafu ya ghala letu la viazi. Mlango ukifunguliwa upepo unaingia na kazi ya siku nzima inalala chini. Hakulia. Alianza upya. Alipofika kumi na sita akaalikwa kwenye mkutano wa wapangaji wa kete, ambao kila kiangazi hukaa wiki nzima katika ukumbi mmoja, wanalala kwenye magodoro sakafuni na kupanga pamoja. Huendi kwa kujipeleka, unaalikwa. Huko alimpata Lammert, kijana wa Groningen, wakawa kama mapacha.

"Wiebren, una mikono ya mkamua ng'ombe," Lammert alimwambia mbele yangu siku moja, wote wamepiga magoti.

"Na wewe una pumzi ya ng'ombe mwenyewe. Geuza uso huko, utaniangushia mnara."

Akiwa na miaka ishirini na minne aliacha kazi ya kufunga jibini kiwandani ili aishi kwa video zake za mtandaoni. Baba, ambaye ni mkulima na mzee wa kanisa, aliweka kijiko chini.

"Mtu mzima anapanga kete, anaziangusha, basi?"

"Na wewe, Baba, unafukia viazi, unavifukua, basi."

Mama alicheka ndani ya kitambaa cha mezani. Baba alifungua Biblia akatusomea sura ndefu kuliko kawaida.

Kazi ya wiki tatu ilianguka kwa dakika tatu, na watu walitazama. Walimpenda kwa sababu hakukata picha. Wengine wakikosea huunganisha maanguko mawili yaonekane moja. Wiebren akikosea alisema, "Hapa nimekosea," na aliacha mtu aone. Kati ya wapangaji hilo ndilo lilikuwa jina lake, na alilithamini kuliko idadi ya wafuasi.

Halafu ikaja kazi kubwa: kete elfu themanini na nne katika ukumbi wa mazoezi wa shule iliyofungwa. Zingeonyesha mabata bukini wakiruka kutoka mashamba yaliyofurika, na mnara wa kanisa letu nyuma yao. Kampuni moja ya rangi iligharimia, nayo ikachagua Jumapili saa tisa alasiri, ionyeshwe moja kwa moja.

"Siku ya Bwana?" Baba aliuliza.

"Sikuchagua mimi, Baba."

"Mkono utakaozisukuma ni wa nani?"

Kilichomuuma Baba zaidi kilikuwa asubuhi yake. Mpangaji ana sheria moja: kila baada ya kete mia kadhaa anaacha nafasi tupu ya kete tano au sita. Hayo ndiyo mapengo. Mkono ukiteleza, kinaanguka kipande kimoja tu. Mapengo huzibwa saa za mwisho kabisa, watu wamevua saa za mikononi na hata viatu. Kwa hiyo Wiebren angekosa ibada kwa mara ya kwanza maishani, na kijiji kizima kingeona kiti chake kitupu kando ya mzee wa kanisa.

Jumamosi mchana alikwenda Leeuwarden kuchukua taa. Aliniachia ufunguo nifagie ukumbini pembezoni. Nilifagia, kisha nikavua viatu, nikachukua mfuko wa kete, nikaziba mapengo yote mia na kumi na mbili.

Sheria niliijua. Nilikuwa nimemsaidia miaka mingi. Niliwaza kwamba kesho atakuja kanisani nasi, ataimba, atakula supu ya Mama, kisha atakwenda kusukuma kete moja kwa kidole. Kidole si kazi. Nilidhani nimempa Mungu na mdogo wangu kile alichotaka kila mmoja. Nikakaa mlangoni nikimngojea aone mwenyewe, nikitabasamu kama mtu aliyeficha zawadi.

Aliingia na taa zake, akapanda ngazi moja kwa moja bila kutazama chini. Skrubu ilimponyoka ikaangukia kete.

Zilianza kuanguka. "Si kitu," alisema kwa utulivu. "Ni kipande kimoja." Akabaki juu ya ngazi akisubiri zifike kwenye pengo zisimame.

Hazikusimama. Bukini walikwenda, mashamba yakaenda, mnara ukaenda. Zilipokwisha, sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Hiske?"

"Pole, Wiebren," nilisema. Sikusema zaidi ya hapo. Naye hakuuliza.

Kampuni ilidai ipewe kitu. Wiebren alikuwa na kamera ukutani iliyorekodi tangu asubuhi, akaweka mtandaoni dakika zile za kuanguka na uso wake juu ya ngazi. Watu milioni kumi na moja walitazama na kucheka. Wapangaji hawakucheka. Walihesabu: hakuna anayeziba mapengo siku moja kabla, isipokuwa yule anayetaka zianguke zote. Lammert alipiga simu nikiwa hapo hapo namenya viazi.

"Niambie kitu kimoja tu," sauti yake ilisikika hadi kwangu. "Nani aliziba?"

Wiebren alitazama dirishani. "Mimi."

"Basi wewe ni mwigizaji," Lammert akasema, akakata simu.

Niliendelea kumenya. Mungu anisamehe, nilihisi nafuu.

Kiangazi kile hakualikwa, wala kilichofuata. Wenye kampuni za biskuti na za betri ndio walimtaka kwa matangazo yao: aangushe tena "kwa bahati mbaya", ashike kichwa. Aliwakataa wawili. Wa tatu alimkubali, kwa kuwa watu walishasema ndivyo alivyo. Alilipwa vizuri kuliko wakati wowote.

Kwetu, kabla ya Meza ya Bwana, tunapewa wiki nzima ya kujichunguza, na mwenye neno na ndugu yake anakwenda kulimaliza. Meza iliandaliwa mara nane tangu siku ile hadi kifo chake. Mara nane nilikula mkate na kunywa divai, Wiebren akiwa viti viwili kutoka kwangu.

Baada ya mazishi nilifungua kompyuta yake. Palikuwa na video yenye jina langu, saa mbili na dakika ishirini. Ni mimi, soksi miguuni, napita kati ya mistari nikisimamisha kete, naimba zaburi kwa sauti ya chini. Alikuwa nayo tangu jioni ileile. Dakika moja ya video hiyo ingemrudishia jina lake.

Nilimwonyesha Baba.

"Ifute."

"Wanamwita mwongo, Baba."

"Yuko mbele za Mungu. Huko hawatazami video."

"Sisi bado tuko hapa."

Niliiweka kwenye ukurasa wake, pamoja na jina langu kamili. Hadi leo wameitazama watu mia nne thelathini na mmoja. Mmoja ameandika kwamba hata dada yake Wiebren anajua kuigiza. Lammert naye aliandika mstari mmoja tu: "Kwa nini hukusema akiwa hai?"

Nimemwandikia jibu mara nne, na mara nne nimelifuta.