Upindo wa Mkono

Tusifichane: Selestini fundi cherehani alikuwa na kijiba cha roho. Kilimkaa tangu ujana wake kwao Usevya, tangu siku majembe yake yaliporudishwa. Alikuwa amepeleka majembe matano ya posa kwa wazazi wa Marselina, na majembe hayo yakakaa ukutani kwao miezi miwili, kijiji kizima kikijua mkwe ni nani. Mara akatokea Hilari, kijana wa mgodini Mpanda, ana viatu vya ngozi na shilingi taslimu. Wazazi wakasema majembe wanayo ya kutosha. Basi yakarudi kwa Selestini yana mafuta ya dukani vilevile, hayajagusa hata udongo.

Mtu mwingine angelewa siku mbili, akatukana watu, yakaisha. Yeye hapana. Alijifunza kushona kwa mapadri, akaoa binti wa Kasekese aliyeitwa Imakulata, mwanamke mtaratibu asiye na makuu, kisha akahamia Mpanda. Alisema amefuata reli. Reli gani, jamani! Reli ilikuwa na miezi michache tu tangu ifike, na yeye hakuwa na mzigo wa kupakia wala ndugu wa kupokea. Alifuata macho yake, maana Marselina aliishi kule kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, na kila alipokwenda dukani kwa Bwana Khalfani alipita mbele ya baraza aliyokaa Selestini na cherehani yake ya mkono.

Baraza ile ilikuwa na utaratibu wake. Doti ya kanga huja ikiwa kipande kimoja. Mwenye duka huikata katikati zikawa mbili, mnunuzi akatoka nje kumpa fundi, na fundi akapinda ncha zote nne. Kila doti iliyonunuliwa kwa Khalfani ilipita mkononi mwa Selestini kabla haijaguswa na jua la barabarani. Na mshono wake ulijulikana, kwa sababu cherehani yenyewe ilikuwa mbovu: kila baada ya urefu wa kidole iliruka tundu moja. Wanawake walimtania kwamba cherehani yake ina kwikwi.

Mwaka ule wa hamsini na mbili vitu vikapanda bei, vikapanda tena. Sukari, chumvi, mafuta ya taa, kila kitu. Mshahara wa mgodini ulikaa palepale. Doti iliyokuwa shilingi nane ikafika kumi na nne, na Bwana Khalfani akiulizwa alisema na yeye anauziwa hivyo Tabora, mkitaka kagombaneni na treni. Selestini naye, akiona uzi umepanda, akapandisha pindo zake kutoka senti thelathini mpaka sabini. Wanawake walipiga kelele.

"Fundi, unashonea dhahabu?"

"Nashonea uzi, mama. Ukitaka dhahabu ongeza shilingi."

Wakati huohuo vitu vikaanza kupotea dukani. Siku ya mshahara duka linajaa, mikono iko mingi kuliko macho, na doti iliyokunjwa vizuri huingia chini ya nguo ya mtu, mtoto akafungwa juu yake, na kwaheri. Mwezi mmoja zilipotea doti sita, zote za aina moja: nyekundu yenye korosho nyeusi. Bwana Khalfani alishika kichwa. Akaitwa Oswaldi, askari wa boma, mtu mwenye mapaja makubwa na kaptula iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Oswaldi alikaa barazani siku tatu akinywa chai ya Khalfani, na hakukamata hata panzi.

Ndipo Selestini alipofungua mdomo wake.

"Mbona ni jambo dogo, bwana askari? Kila doti inayotoka hapa kwa halali nimeipinda mimi. Ukiona kanga mpya haina kwikwi ya cherehani yangu, hiyo imeibwa."

Oswaldi alikiweka chini kikombe. Tangu siku hiyo wanawake wakawa wanasimamishwa barabarani, ncha za kanga zao zikiinuliwa kama ng'ombe wanaotazamwa alama. Walichukia, lakini walisimama. Selestini akawa mkubwa. Watu wakamwita Bwana Pindo, na yeye akaitika. Kitu alichosahau, au alichokiweka mbali makusudi, ni zile senti sabini. Wanawake wengi walikuwa wameacha kumpa kazi. Walinunua doti, wakasema watarudi kesho, wakaenda kuipinda nyumbani kwa sindano.

Siku moja asubuhi Marselina akapita. Alitoka upande wa stesheni, kapu kichwani, amevaa nyekundu yenye korosho nyeusi. Selestini alimjua hata kabla hajamwona uso. Alizijua nguo zake zote, ipi imefifia, ipi ilichomwa na cheche, ipi alivaa siku ya ubatizo wa mwanawe. Hii hakuijua. Akaangalia ncha yake ilipokuwa ikipepea, na akiwa hatua ishirini akauona uzi mweupe, mshono wa mkono, mrefu mfupi, mrefu mfupi.

Roho yake ikaruka kwa furaha. Ni aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikumbuka vilevile kwamba wiki mbili nyuma alimwona Hilari akishuka kwenye treni kutoka likizo Tabora, na furushi kwapani, wakasalimiana. Alikumbuka, akakimeza kile alichokumbuka.

"Bwana Oswaldi!" aliita. "Hebu mtazame yule mama."

Watu wakajaa. Oswaldi akainua ncha ya kanga, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mama, hii umeipata wapi?"

"Kaninunulia mume wangu. Tabora."

"Na upindo huu?"

"Nimepinda mwenyewe kwa sindano yangu." Marselina akamgeukia fundi. "Senti sabini nikupe wewe, nyumbani kuna ratili ya chumvi inanidai?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kilimwingia Selestini mpaka kwenye mifupa. Kama alikuwa na nia ya kusema neno la kumwokoa, ilikufa hapohapo. Akasema tu, kwa sauti ya mtaalamu, "Si mshono wangu." Marselina akapelekwa boma, akaambiwa kesi yake itasikilizwa Alhamisi kwenye baraza la hakimu.

Jambo lenyewe halikuwa la doti moja. Mgodini palikuwa na sheria: mfanyakazi ambaye nyumbani kwake kimepatikana kitu cha wizi, na baraza likathibitisha, anapoteza kazi na nyumba siku ileile. Hilari angerudi Usevya na mke na watoto, bila kitu, kwa jina la wizi. Hilo Selestini alilijua. Alilala nalo, akaamka nalo, na likamkaa vizuri.

Jumatano Hilari alimfuata fundi pale dukani, ametoka zamu, vumbi la mgodi bado kwenye nyusi. Hakuja kwa ubaya.

"Kaka, sisi ni wa kijiji kimoja. Nilipotoka Tabora ulinisalimu stesheni. Ulinitania, ukasema nimeleta furushi la bibi harusi. Kawaambie hilo tu."

Selestini alizungusha gurudumu la cherehani. "Mimi najua nyuzi," alisema. "Habari za treni waulize watu wa treni."

Hilari akavaa kofia yake, akaondoka.

Alhamisi Selestini akapiga pasi shati jeupe. Alikuwa na furaha hata akaimba. Imakulata alikuwa mlangoni akimfunga mgongoni mtoto wao, Anselmo, aliyekuwa anaota meno.

"Unakwenda kusema nini huko, baba Anselmo?"

"Nitasema nilichokiona."

"Umeona nini?"

"Upindo wake! Uzi mweupe kwenye nguo nyekundu. Ncha ya kushoto imekwenda upande, kulia amepiga fundo mara tatu. Na kuna mahali, karibu na kona, ameshona juu ya mshono wa kwanza, labda sindano ilimchoma." Alisema maneno haya taratibu, kwa utamu, akifunga vifungo vya shati.

Imakulata akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasogea kwenye mwanga, akainua ncha ya kanga aliyovaa.

"Na huu?"

Selestini akatazama. Nyekundu. Korosho nyeusi. Upindo umenyooka, umeshonwa kwa cherehani, na kila baada ya kidole kimoja imeruka tundu. Akaviacha vifungo.

"Umeipata wapi hiyo?"

"Ahaa. Leo umeuliza." Imakulata aliachia ncha ikaanguka. "Leo ni siku ya ishirini na mbili, mume wangu."

"Mimi sijashona hiyo."

"Nimeshona mimi, Jumapili ile ya kwanza, ulipokuwa kwaya unamtazama mke wa mtu akiimba. Miaka mitano nakushikia kitambaa, ulidhani sijifunzi?" Sauti yake ilikuwa ileile ya taratibu. "Kabla ya Pasaka nilikuomba doti. Ukaniambia hali ngumu, mke wangu, vumilia. Nikavumilia. Wiki hiyohiyo ukamshonea Marselina gauni la ubatizo la mwanawe, bure. Siku ya mshahara nikaingia kwa Khalfani, nikaichukua, nikamfunga Anselmo juu yake. Nilijua utaiona jioni hiyo, utanipiga kelele, tutagombana, nitairudisha. Hukuona. Nikavaa kesho yake, nikavaa kanisani, nikakupakulia ugali nimeivaa. Oswaldi mwenyewe aliinua ncha yake sokoni, akaona kwikwi ya cherehani yako, akanipigia saluti!"

"Vua," Selestini alinong'ona. "Vua upesi, watu wataiona."

"Watu wameiona. Usiyeiona ni wewe." Akampita, akatoka nje. "Twende. Nataka nikusikie ukieleza habari za nyuzi."

Kwa hakimu palijaa. Marselina alisimama mbele, amevaa gauni la zamani; kanga yake ilikuwa mezani mbele ya karani. Hilari alikuwa pembeni, ameshika viatu vya kazi vya mgodini, maana hakujua kama kesho atavihitaji. Imakulata akakaa chini na wanawake, mstari wa mbele, akanyoosha miguu, kanga ikionekana yote.

Hakimu wa baraza akamwita fundi aseme anachojua. Selestini akasimama. Maneno aliyoyapanga wiki nzima yalikuwepo yote, lakini kila alipotaka kuyatoa alikutana na miguu ya mkewe.

"Upindo wa mkono si wizi," alisema hatimaye. "Wanawake wengi wanapinda wenyewe tangu nilipopandisha bei. Na Hilari nilimwona stesheni akitoka Tabora. Alikuwa na furushi."

Watu wakaguna. Hakimu akainama mbele.

"Haya ulikuwa unayajua siku ulipomwita askari?"

"Nilikuwa nayajua."

"Sasa ulimwitia nini?"

"Wivu, bwana hakimu."

Karani akainua kalamu, akamtazama hakimu. "Niandike hivyo?"

"Andika," alisema Selestini.

Baraza likaangua kicheko. Hilari hakucheka. Marselina, ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kumtazama zaidi ya salamu, alimtazama sasa, na heri asingemtazama. Hakimu akampa kanga yake mkononi, akamwambia aende nyumbani.

Oswaldi hakuridhika. Alisimama, kaptula imekakamaa. "Doti za Bwana Khalfani je? Sita ziko wapi?"

"Tano sijui," Selestini alisema. "Moja nimeiba mimi. Ina mshono wa cherehani yangu, ndiyo maana hamkuikamata."

"Anadanganya," ilisema sauti ya mwanamke. Imakulata alikuwa amekwisha kusimama, mtoto mgongoni. "Nimeiba mimi, hii hapa. Yeye ameiona leo asubuhi. Siku ishirini na mbili iko mwilini mwangu, chumba kimoja, kitanda kimoja, na ameiona leo asubuhi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Hata Oswaldi alitazama chini.

Imakulata walimtoza faini badala ya kumfunga, kwa ajili ya mtoto anayenyonya. Cherehani iliuzwa kulipia faini na doti, na Bwana Khalfani akaweka fundi mwingine barazani, ambaye cherehani yake haikuwa na kwikwi. Selestini akaenda kupakia magunia stesheni. Hilari alipita pale kila aliposafiri, akamsalimu kwa kichwa, na kila mara Selestini alijikuta akitazama furushi lake amebeba nini. Ugonjwa ule hauponi kwa siku moja.

Ilimchukua mwaka mzima kuweka akiba ya doti. Doti ilikuwa imefika shilingi kumi na sita. Akanunua ya kijani, yenye ndege, akapita mbele ya fundi mpya bila kusimama, akaipeleka nyumbani ikiwa bado haijapindwa. Alikuwa amebaki na sindano moja nzuri tangu siku za ufundi. Akakaa mlangoni, akatia uzi, akaikunja ncha ya kwanza.

"Lete huku," alisema Imakulata.

"Nataka kukupindia."

"Najua. Lete."

Akampa. Imakulata akaketi, akaanza kupinda mwenyewe, kwa mkono, taratibu, na Selestini akachuchumaa mbele yake akifuata sindano ikiingia na kutoka, asipepese jicho. Ilipofika ncha ya nne akashindwa kuvumilia.

"Utaivaa lini?"

Imakulata akakata uzi kwa meno.

"Utaona mwenyewe," alisema.