Mtani Wangu kwa Rangi za Mafuta

Siku hizi wangemwita mchora katuni. Wakati ule, miaka ya baada ya vita, pale kambi ya wafanyakazi wa mgodi wa Geita, mimi nilimwita Mtani, na wengine walimwita mchokozi. Alikuwa Mzaramo aliyefika kwetu Usukumani pamoja na vibarua wengine wa pwani, akapangiwa mashine ya kusaga mawe. Jioni, akishanawa vumbi, alichukua kipande cha mkaa na karatasi ya mfuko wa saruji akamchora yeyote aliyemuudhi mchana. Nyapara alitokea na pua inayofika kazini kabla ya mwenyewe. Mpishi wa kambi alitokea akikoroga maharage huku amejiziba pua. Ilikuwa mistari michache tu, lakini kambi nzima ilimtambua mtu kabla hajamaliza kuchorwa.

Mimi nilikuwa mchoraji wa namna nyingine. Padri mmoja wa misheni ya Ushirombo alinifundisha rangi za mafuta tangu ujana, nikawa nachora watakatifu kwa makanisa ya huko. Pale mgodini niliajiriwa kupaka milango na kuandika vibao vya hatari. Hata hivyo nilikuwa na maringo yangu. Kwangu rangi ya mafuta ilikuwa kitu cha heshima, na mkaa ulikuwa uchafu wa jikoni.

Kilichotuunganisha ni utani. Mzaramo na Msukuma ni watani, na utani kwetu si mchezo wa maneno peke yake. Mtani anakuambia usoni jambo ambalo ndugu yako wa tumbo moja hathubutu, na siku ukifa ana kazi yake. Anakuja msibani anakuiga, anakusema, anazuia jeneza njiani, mpaka waliofiwa wanacheka katikati ya machozi. Bila hivyo mtu amezikwa nusunusu.

Akaanza kukohoa. Vumbi la mawe lilikuwa limemkaa kifuani. Hospitali walimpumzisha kazi, akawa analala kutwa chumbani kwake, mke wake akimsugua mgongo kwa mafuta ya nazi yaliyotoka kwao pwani. Siku moja nilipokwenda kumwona akavuta rundo la karatasi za saruji kutoka chini ya kitanda. Mkaa ulikuwa umeanza kupukutika, na nyuso nyingine zilikuwa zimebaki vivuli.

"Mtani," akasema, "zitie kwenye rangi zako zisizofutika. Kwetu ni mbali. Nitazikwa hapa, na watu watasimama wamekunja nyuso wakisubiri kurudi kazini. Naogopa kuzikwa kimya."

Hakuwa anatania. Nilimwona machoni, nikakubali.

Nilichemsha gundi ya ngozi ya ng'ombe, nikaipaka kwenye kitambaa cha marekani nilichokiwamba vizuri, nikaanza na nyapara. Nilitia bidii yangu yote: kivuli chini ya mashavu, mwanga kwenye paji la uso, mikunjo ya shati. Kisha mpishi, kisha wengine wawili watatu. Zilipokauka nikampelekea, nikazipanga ukutani, nikangoja sifa.

Alizitazama moja moja. "Umewabatiza," akasema.

"Nini?"

"Umewabatiza watu wangu wote! Mimi Mwislamu nakukabidhi watu, wewe unanirudishia watakatifu. Hebu tazama macho. Nyapara gani anaangalia mbinguni? Nyapara anaangalia mikono ya watu."

Ilikuwa kweli. Wote, hata mpishi na sufuria yake, walikuwa wameinua macho juu kama wanangoja malaika. Ndivyo nilivyofundishwa, na mkono ulikwenda wenyewe bila kuniuliza. Pua ya nyapara nayo nilikuwa nimeinyoosha, nikidhani namsaidia. Nilikasirika, tena sana, kwa kuwa mtu yule alikuwa amesema kweli. Nikarudi nazo nyumbani nikazikwangua kwa kisu.

Nilianza upya. Safari hii nilichora haraka, bila kivuli, nikaufuata mstari wake ulivyopinda hata pale nilipotamani kuurekebisha. Baadhi zilikaribia. Yeye alizidi kukonda, na sasa alilala ameegemezwa mito ili aweze kupumua. Halafu akanipa karatasi ya mwisho. Alikuwa amejichora mwenyewe: mbavu nje, kiatu kimoja kimemvuka, amejitwika jeneza lake kichwani anakimbia nalo, na nyapara getini anamwonyesha saa.

"Hii siwezi," nikamwambia. Mke wake alikuwa amesimama kando na bakuli la uji.

"Ndugu yangu asingeweza," akasema. "Wewe ni mtani wangu."

Nikaichora nikilia. Sioni haya kulisema. Kuchora mbavu za rafiki unayempenda, tena uzichore zichekeshe, ni kazi nzito kuliko msalaba wowote niliowahi kuuchora.

Hakuiona. Alifariki alfajiri, rangi ikiwa bado mbichi.

Watu walijaa uani. Wapwani walikuwa wachache. Wasukuma wenzangu wa pale kwenye mashine walishika kofia zao mkononi, kila mmoja akimwachia mwenzake aanze utani, na hakuna aliyeanza. Kilikuwa kimya kilekile alichokiogopa. Jeneza lilipotoka nikaenda mbele nikaisimamisha picha njiani. Mzee aliyeongoza swala akanikemea, "Bwana, ondoa sanamu hiyo. Hapa kuna maiti."

Nilitafuta neno la utani sikulipata. Niliishikilia picha palepale.

Mke wake alikuwa mlangoni na wanawake, amejitanda kanga. Aliitazama picha, mbavu, kiatu, jeneza, nikaogopa kwamba nimemwongezea uchungu. Kisha akacheka. Alicheka kwa sauti, akaiambia maiti, "Hata leo umechelewa, mume wangu!" Nyapara, aliyekuwa ameshika pembe moja ya jeneza, akashindwa kujizuia, mabega yakamtikisika na jeneza likatikisika naye, wabebaji wenzake wakapasuka, na ua wote ukafuata. Mzee aligeuzia uso ukutani. Tukampeleka Mtani makaburini kwa kelele, machozi yakitutoka, na hakuna aliyetunyamazisha.

Tulipofika kwenye kona bado nilimsikia mke wake nyuma yetu kule uani, ila sasa alikuwa analia.