Vidonge vya Kadha vya Bi Mwatima

Watu wa Ole wakifiwa na mwanamke, kabla ya kutafuta sanda humtafuta Bi Mwatima. Ana miaka sabini na mbili, na kwa miaka thelathini na minane ameosha maiti bila kukosea. Hakuna aliyeihesabu ila mwenyewe, na alikuwa akijivunia, Mungu amsamehe. Moyo wake ulishatanuka na presha ilikuwa ikimpanda, akapewa vidonge vya kuishusha na vingine vya kumkojoza. Asubuhi moja alisimama mbele ya marehemu Bi Zuweina, jirani yake wa miaka yote, aliyelazwa nyuma ya pazia. Asya, binti wa Bi Mwatima, alishika kata ya maji ya mkunazi.

Kichwa kilishaoshwa. Bi Mwatima akanyoosha mkono upande wa kushoto.

"Mama, kulia kwanza," Asya alinong'ona.

Mkono ukasita. Kulia ni wapi? Akaitazama mikono yake mwenyewe, na hofu ikamshuka hadi miguuni. Si hofu ya kifo, hiyo aliizoea. Mama yake alimaliza uzee wake akiwauliza wanawe majina yao, naye akajiambia, leo zamu yangu. Kisha pazia likaanza kuzunguka machoni pake. Wanawake wakamdaka, na mwingine akaimaliza kazi.

Hospitali mashine ya presha ilisoma themanini na mbili kwa hamsini, chini mno.

"Leo umemeza nini, bibi?" daktari Nahla alimuuliza.

"Dawa zangu. Nlikuwa matangani Tumbe siku tatu. Vile vya kukojoza vyanifedhehi ugenini, nkaviacha vyote nyumbani. Leo nkalipa."

"Ukalipa vipi?"

"Vya siku tatu, na vya leo juu yake. Sala ikikupita, si unailipa kadha?"

Asya akafunika uso. Kweli ujuzi mwingi huondoa maarifa.

Daktari hakucheka. "Dawa haina kadha, bibi. Iliyopita imepita, unameza ya leo tu. Presha ikikaa juu miaka na miaka huchakaza mishipa ya kichwani. Ikishuka hivi, moyo wako dhaifu haufikishi damu ya kutosha kwenye ubongo. Kote kuwili unaumia."

"Basi ni vidonge, au akili yangu yaondoka?"

"Leo ni vidonge. Ya mbele sijui. Pimeni presha kila siku mwezi mzima, muandike, kisha tuone."

Neno "sijui" ndilo alilorudi nalo nyumbani. Kila asubuhi Asya alimfunga kipimo mkononi, naye chini kwa chini akajisomea mpangilio wa kuosha, tangu kutawadhisha hadi maji ya kafuri. Siku moja kafuri ilimpotea kichwani. Ilimrudia adhuhuri, na hakumwambia mtu. Mficha maradhi kilio humfichua. Nani alilijua hilo kuliko yeye?

Mwezi haujaisha, akaitwa tena, safari hii kwa marehemu Bi Rumaitha. Akaosha kichwa. Akaosha kulia, polepole, bila kusita. Asya akashusha pumzi. Hapo Bi Mwatima akasimama, akamkabidhi kitambaa.

"Kushoto osha wewe."

"Umesahau, mama?"

"Sijasahau, mwanangu. Ndo maana nakupa leo. Nataka ukikosea nkukosoe, maana siku utakaponiosha mie, sitaweza."

Asya alilia, lakini alikipokea kitambaa. Bi Mwatima akachukua kata, akaanza kumimina maji.